Jeshi la Mitungi na Paa la Ofisi ya Kata

Kijiji cha Bulembelwa,
S.L.P. 14,
Ushirombo, Kahama.
27 Desemba 1976

Mpendwa mdogo wangu Felician,

Pokea salamu za dada yako, na kabla hujaendelea tafuta mahali ukae, maana barua hii ni ndefu na sehemu nyingine hutazipenda. Hujambo wewe? Febronia hajambo? Kile kifua chake kilichokuwa kikimsumbua na vumbi la mkonge kimetulia? Mwambie asinywe dawa za kila jirani, achague jirani mmoja.

Huku tupo. Mayu, mama yetu, bado anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na akirudi analalamika kwamba padri siku hizi anasoma misa mbio mbio kama anayeswaga ng'ombe. Goti lake la kulia humuuma mvua ikikaribia, na kwa kuwa mvua za mwaka huu ni nzuri, goti halijapumzika tangu Novemba. Mume wangu, Baba Ansgar, mzima. Mahindi yamefika magotini. Sikukuu tuliila kwa jogoo mmoja, yule mwekundu aliyekuwa akimkimbiza Mayu uani. Mayu alidai paja, akasema ni haki yake.

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe. Barua zako mbili zilifika kwa gari moja. Moja ilikuwa yangu, ya kuniambia niache mambo ya moto kabla sijafungwa. Ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa ya Katibu Kata, Bwana Donatus, na umeiandika kwa niaba yangu: kwamba dada yako Anisia amekosa, kwamba anaomba radhi, kwamba ni mwanamke wa kisomo cha ukubwani asiyeelewa taratibu, na kwamba tangu sasa atashughulika na mambo ya nyumbani kwake. Una mwandiko mzuri. Najua ni mzuri kwa sababu niliusikia ukisifiwa, siku barua hiyo iliposomwa mbele ya kijiji kizima.

Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika, nikaenda kuipalilia hasira hiyo kwenye shamba la karanga mpaka ikapungua. Najua uliandika kwa kuniogopea. Lakini umeomba radhi kwa jambo usilolijua. Basi nikueleze mwaka wetu ulivyokuwa, kisha wewe mwenyewe uniambie kosa langu liko ukurasa gani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa zamani. Kila mtu na mji wake, na kati yako na jirani kuna shamba, kuna ngitili, yale malisho ya akiba ya ng'ombe, kuna vichuguu viwili vitatu. Nyumba ikiungua iliungua peke yake, na jirani alikuja kukupa pole. Tangu tuhamishiwe kijijini mwaka juzi, tumepangwa mistari kama mahindi ya shamba la shule. Kutoka paa la nyasi hadi paa la nyasi ni hatua kumi na mbili, nimezipima kwa miguu yangu. Yule bwana aliyekuja kutupimia kwa kamba alikumbuka shule, zahanati na bomba, vitu ambavyo bado tunavisubiri. Moto hakuukumbuka. Nadhani kwake wana bati.

Mwezi wa kwanza, katika zile wiki mvua inaposimama, mzee Mageni alikuwa ndani kwake akitoboa mpini wa jembe kwa chuma cha moto. Unamjua Mageni, hawezi kuchonga nje, anasema watu wanamwibia ufundi. Maranda yakashika, yakapanda ukutani, paa likaitika. Mzee akatoka nje akapiga mwano, lile yowe la kuita watu.

Na wewe umekulia hapa, unajua mwano ukilia mwanamume wa Kisukuma anafanya nini. Hajiulizi. Anachukua mkuki, upinde na rungu, anakimbia kuelekea sauti, kwa sababu atakayefika mikono mitupu atatozwa mbuzi. Basi walifika wanaume kama sabini, wamejipanga vizuri sana, silaha mkononi, hakuna hata mmoja mwenye ndoo.

"Wamekwenda wapi?"

"Kina nani?"

"Wezi!"

"Wezi gani? Nyumba inaungua!"

"Wamechukua ng'ombe wangapi?"

Watatu hawakungoja jibu. Walikwishaona nyayo za kwato, wakazifuata hadi lambo, wakarudi na ndama wa mwenyekiti wetu, mzee Makoye, aliyekuwa amekwenda kunywa maji. Walimleta amefungwa kamba kama ushahidi. Wakati huo sisi wanawake tulikuwa tunatoka lamboni na mitungi imejaa kichwani, na tulipokaribia tukaambiwa, "Kina mama, rudini nyuma, hapa pana hatari." Wakauzunguka moto kwa mishale. Moto haukujisalimisha.

Aliyefanya kitu ni Limi tu, yule anayepika pombe mstari wa tatu. Alikokota mtungi wake wa pombe ya mtama, akaumwaga wote mlangoni kwa Mageni. Moto ukapiga chafya upande ule. Wanaume wengine walitoa machozi, na sidhani walikuwa wakiililia nyumba. Ziliteketea nyumba nne.

Jioni ile nilichukua daftari langu la kisomo, ambalo kurasa za nyuma zilikuwa tupu, nikapita nyumba kwa nyumba. Nilisema neno moja tu: siku ile maji yote ya kijiji yalikuwa kwenye vichwa vya wanawake, na wanawake waliambiwa warudi nyuma. Niliandika majina kumi na minane. Wanaume walikuwa wawili, Mageni kwa aibu, na Baba Ansgar kwa sababu maksai wa kuvuta maji ni wake na hataki mtu mwingine awaswage. Wengine wakatucheka, wakatuita Jeshi la Mitungi. Jina tukalipenda. Kuliko kukaa tunatafuta jina wiki mbili.

Kwanza tulitenganisha ishara yetu na mwano. Tulitundika jembe bovu la plau kwenye nguzo mbele ya godauni la pamba, na tukatangaza kwamba ukisikia mwano njoo na mkuki, ukisikia chuma njoo na maji. Ilichukua muda kueleweka. Mwezi wa tano, alfajiri, Mageni alimkuta fisi nyuma ya zizi lake, akachanganyikiwa, akapiga chuma. Tulifika karibu wote na mitungi yetu na, kwa kuwa tumekwisha kufika, tukammwagia. Fisi alilowa hadi masikio. Alitutazama kama anayedai maelezo, kisha akaondoka taratibu, na mpaka leo hajarudi. Mzee Makoye alisema hiyo nayo ni kazi ya kuandikwa, nikaiandika.

Baba Ansgar alitengeneza chombo cha maji. Alikata panda la mti, akaweka pipa katikati ya matawi yake mawili, akawafungia maksai mbele. Linaburuzwa kutoka lamboni na kufika na maji zaidi ya nusu, ambayo kwa barabara zetu ni muujiza.

Lakini maji, Felician, si silaha kubwa. Hili nilijifunza kwa kuukodolea macho ule moto wa Januari wakati wengine wanatafuta wezi. Paa la nyasi likishika limeshika, hata umwage lambo zima. Kinachouzuia moto ni kukosa chakula. Kwa hiyo unaiacha nyumba inayoungua, unakwenda kwenye nyumba nzima iliyo upande ule upepo unakoelekea, unavua nyasi zake zote kabla moto haujafika. Moto ukija unakuta kuta na fito tupu zilizolowa maji. Unakosa pa kushika, unakufa.

Kueleza ni rahisi. Kumwambia mtu nyumba yake ambayo haiungui inavuliwa paa, ni kazi nyingine. Kwa hiyo tuliweka sharti: paa tutakalolivua tutaliezeka sisi wenyewe kabla ya mvua, kwa nyasi nzuri kuliko za mwanzo. Tulifanya mazoezi kwenye jiko langu mara tatu. Mayu alisema kama nimechoka na jiko niseme tu. Na kwa kuwa hatuna saa, tulipima kwa rozari. Kuvua paa la nyumba ya kawaida kunachukua makumi mawili, yaani Salamu Maria ishirini. Moto, ukiwa na upepo, unaruka kutoka nyumba hadi nyumba kwa kumi moja. Kwa hiyo nyumba ya jirani na moto huiwahi. Unaiacha, unashika ya pili yake. Tulilijua hilo wote, tulilikubali wote, tukiwa tumekaa kivulini na hakuna kinachoungua.

Wakati huo Katibu Kata alitupenda. Bwana Donatus ni mtu wa Biharamulo, nadhifu, ana suruali mbili zilizopigwa pasi na mhuri mmoja. Saba Saba alitutaka tupite mbele ya wageni na mitungi kichwani, akatushauri iwe mitupu ili tupendeze. Nilimwambia mtungi mtupu hauna kazi kwenye jeshi. Tukapita na maji, na Limi alipogeuka kuwasalimu wageni, akamlowesha Katibu suruali ya kwanza. Bado alitupenda. Katika hotuba alisema yeye ndiye mlezi wetu. Hatukuwa na habari, lakini tulipiga makofi.

Sasa Septemba. Tarehe ishirini na mbili, saa tisa alasiri, upepo wa mashariki, nyasi zimekauka mpaka zinalia. Mtu mmoja, sitamtaja kwa sababu amekwisha kujuta vya kutosha, alichoma mabua shambani kwake bila kungoja upepo utulie. Moto ukaingia mstari wa pili.

Nikuchoree mstari wa pili. Kuna nyumba sita. Ya saba ni ya wifi yangu Nyamizi, mjane wa kaka yetu. Baada yake ofisi ya kata, ya nyasi kama nyingine. Baada ya ofisi godauni, na barazani kwa godauni pamba ya kijiji kizima, mavuno ya mwaka mzima, imerundikwa mpaka juu ya madirisha kwa sababu lori lilikuwa halijafika. Na nyuma ya godauni, mistari mingine mitatu.

Nilipopiga chuma, nyumba ya tano ilikwisha kushika. Nikahesabu. Ya sita itashika kabla watu hawajafika. Ya Nyamizi, hatuiwahi. Ofisi tutaiwahi kama hatutabishana.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni kwake amembeba mbuzi wake. Aliniona napita na ndoana na kamba za kuvulia paa.

"Wifi, yangu?"

"Yako hatuiwahi."

Akamweka mbuzi chini, akashika kamba, akaja nayo upande wa ofisi. Felician, nimeishi miaka arobaini na saba na sijaona mtu akifanya jambo gumu kuliko lile, na hakulifanya kwa maneno.

Ofisini tulimkuta Katibu amesimama mlangoni amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama Ansgar! Hii ni mali ya umma!"

"Ndiyo maana tunaiokoa."

"Una kibali cha nani?"

"Cha upepo, Bwana Katibu. Toka nje, tafadhali."

Hakutoka. Aliingia ndani akafunga mlango kwa komeo. Nilimwita mara mbili. Kisha nikawaambia wanawake wavute.

Kamba ya kwanza ilikatika. Ni kamba za magome, zikikauka hazina nguvu, na hapa nitie ombi langu nisije nikalisahau: wewe uko kwenye mkonge mpaka unakohoa mkonge, tafuta namna nipate kamba nzuri, vipande vinne vya pima kumi. Ya pili ilishika. Paa likashuka upande wa kaskazini, kisha kusini, na kila kilichokuwa kinaishi humo tangu ofisi ijengwe kikashuka nalo. Katikati ya kazi mlango ulifunguka, Bwana Donatus akatoka amekumbatia majalada, mhuri mkononi, nyasi kichwani kama kiota, na mjusi amekaa begani ametulia kabisa kama mjumbe wa kamati. Limi akacheka. Akicheka Limi, unamjua, hacheki peke yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Paa angelisamehe. Mjusi hakumsamehe.

Nyumba ya Nyamizi ilishika tukiwa kwenye kumi la pili. Joto lilitufanya turudi, tukaenda tena. Cheche zilianguka ofisini, zikakuta fito tupu na matope, na Baba Ansgar anatiririsha pipa. Moto ulisimama pale ukutani, ukatafuta, ukakosa. Mikono ya Mageni iliungua, imepona ila vidole viwili havinyooki. Nyumba saba zilikwenda. Mtu hata mmoja hakufa. Pamba haikuguswa, na mistari mitatu iliyokuwa nyuma yake watu wake walipika ugali wao siku ile kama kawaida.

Nina kosa moja na nitakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa. Usiku mwingi nimelihesabu upya. Kama ningewahi kupiga chuma, badala ya kwanza kukimbia kuhakikisha kwamba kweli ni moto wa nyumba, huenda nyumba ya Nyamizi tungeiwahi. Hilo nimemwambia Nyamizi, na radhi hiyo nimeiomba kwa mdomo wangu, kwake. Kwa Katibu Kata sina deni la radhi.

Tuliijenga nyumba ya Nyamizi kwanza, kisha za wenzake sita, kisha tukaiezeka ofisi, wiki ya tatu ya Oktoba, kabla tone halijaanguka. Nyasi tulizifuata mbali, kule kwenye mbuga, ndefu, zimekatwa vizuri. Ofisi haijavuja tangu hapo. Zamani ilikuwa ikivuja juu ya kiti chake. Katibu akaandika kwamba ofisi ya umma imeezekwa ya nane, baada ya nyumba za watu binafsi. Ni kweli. Watu binafsi walikuwa wanalala nje.

Mwezi wa kumi na moja akanitumia karatasi yenye mhuri. Jeshi la Mitungi ni kikundi kisichotambuliwa. Kuanzia sasa hakuna kupiga chuma bila ruhusa ya maandishi ya Katibu Kata, na hakuna kugusa paa lolote. Nitie sahihi, na nikiri kosa la kuharibu mali ya umma. Niliisoma mara tatu, maana kisomo changu ni cha ukubwani. Kisha nikamjibu kwa utaratibu. Nilimwandikia kwamba nimepokea barua yake, na kwa kuwa moto haujawahi kutuma taarifa mapema, naomba ruhusa ya maandishi kwa kila siku ya mwaka 1977, kuanzia Januari mosi. Na kama kuna siku ambazo hataki moto uzimwe, azitaje ili tuwaarifu wenye nyumba. Nilipeleka nakala wilayani. Hakujibu. Ndipo nilipokuandikia wewe ile barua fupi ya kukuchekesha, nawe badala ya kucheka ukaandika mbili.

Jumamosi tarehe kumi na nane mkutano ukaitwa, barazani kwa godauni. Watu walijaa. Bwana Donatus akasimama, akasema mambo yamekwisha, familia ya Mama Ansgar imeonyesha busara, mkuu wa ukoo ameandika kutoka Tanga. Akaisoma. Nilikuwa nimekaa kwenye ngozi karibu na Mayu. Uliposema mimi ni mwanamke asiyeelewa taratibu, Mayu akanong'ona, "Huyu nilimzaa mimi?" Sijui alikuwa anauliza kuhusu wewe au kuhusu mimi, na sikumuuliza.

Alipomaliza akanyoosha kalamu. "Njoo utie sahihi, Mama Ansgar, tuendelee na mambo mengine."

Niliogopa, nakwambia ukweli. Mtu anayesema haogopi ofisi hajawahi kuitwa ofisini. Nilisimama nikasema, "Shikamooni wazee wangu. Aliyeandika barua hii ni mdogo wangu na nampenda, lakini siku ya moto alikuwa mwendo wa siku tatu kutoka hapa. Mimi nilikuwepo. Naomba hiyo barua niirudishie mwenyewe."

"Barua ni ya ofisi," akasema Katibu.

"Radhi ni ya kwangu. Imetolewa bila mimi."

Mzee Makoye hapendi kugombana, mwenyekiti gani anapenda, akauliza kama kuna mwenye neno. Wanaume wakatazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama miguu. Aliyesimama ni Nyamizi. Wewe unajua shemeji yako si msemaji, hata kwenye msiba wa mumewe alilia kwa adabu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nauliza tu. Nyumba yangu iliungua, na sijamwandikia mtu barua. Ofisi haikuungua. Mbona ofisi ndiyo inayolia?"

Limi akacheka, bila shaka. Lakini safari hii wengine hawakucheka. Mzee mmoja wa mstari wa nne, mmoja wa wale waliofuata nyayo za ndama mwezi wa kwanza, akainuka akasema pamba yake ilikuwa barazani siku ile, magunia kumi na moja, na kama Anisia amekosa basi na yeye aandikwe, kwa sababu amefaidi kosa hilo. Kisha akasimama mwingine. Mageni akainua ile mikono yake.

Mzee Makoye akakuna kidevu mpaka nikadhani kitatoka damu. Mwishowe akasema chuma kitabaki kilipo, na kijiji hakina ugomvi na Mama Ansgar. Kama ofisi inao, basi ofisi iupeleke mbele. Kwa Makoye hayo ni maneno makali kuliko ya miaka yake yote ya uenyekiti. Bwana Donatus akasema ataupeleka. Na ameupeleka. Nimepata wito, natakiwa Kahama tarehe kumi Januari, saa tatu asubuhi, kueleza kwa nini nilibomoa ofisi ya kata na kwa nini nakataa kuacha.

Barua yako alinipa. Nadhani aliona hana la kufanya nayo tena. Nimeiweka humu ndani ya bahasha, imekunjwa kama ulivyoikunja wewe. Sijaichana. Ni yako, kaa nayo, uisome siku utakayokuwa umetulia, na usimwandikie tena mtu yeyote kwa jina langu. Jina langu naweza kuliandika. Nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na mbili, kwa mwanga wa kibatari, na mtihani nilishinda.

Kahama nitakwenda. Nyamizi amesema atanisindikiza, na Limi naye, ingawa nimemsihi asicheke mbele ya bwana yeyote mwenye meza. Usije, nauli ni kubwa na Febronia anakuhitaji. Wakiniuliza nitawajibu ndiyo, nilivua, na niliezeka. Wakiniuliza kama nitavua tena, nitawauliza upepo siku hiyo utakuwa unavuma kwenda wapi. Wakinifunga, chuma kipo na mkono wa kukipiga upo. Nyamizi anazijua hesabu zote za makumi, sasa ni afadhali kuliko mimi, kwa sababu yeye hakimbii kwanza kwenda kuhakikisha.

Nawe ukisali, mdogo wangu, usiniombee msamaha. Niombee upepo utulie.

Mayu anakusalimu, anasema ule, na kwamba swali lake bado hajapata jibu. Baba Ansgar anakusalimu, maksai wake wote wawili wazima. Shemeji yako Nyamizi anakusalimu, hana kinyongo nawe. Mbuzi wake amezaa mapacha. Ansgar na wadogo zake wanakuamkia shikamoo mjomba. Mzee Makoye na Mageni pia wamesema nisikusahau. Msalimie sana Febronia, na baba na mama zake wote wa huko pwani.

Mungu aifunike nyumba yenu kwa mkono wake, awape afya na usingizi mzuri, na kila paa mnalolala chini yake alilinde.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata siku ambazo hukustahili,

Anisia (Mama Ansgar)